Corolla ya ba'mdogo: miaka sita chini ya mwembe, na ile dakika ya 20

Gari yenyewe ni Toyota Corolla AE100, wenyewe wanaiita handredi, injini 5A-FE ya cc 1498, otomatiki, namba B. Ba'mdogo aliipaki 2018 nyumbani kwake Sahare, hapa hapa Tanga, macho yalipoanza kumsumbua, akamwambia mama mdogo naipumzisha kidogo mpaka nikae sawa. Hiyo kidogo ikawa miaka sita. 2024 akafanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, hajamaliza hata dawa za matone anauliza funguo ya gari iko wapi.

Sasa kabla sijaitwa mimi, mtoto wake wa mwisho alishajaribu kivyake. Akaazima betri kwa jirani, akamimina petroli lita tano juu ya ile ya zamani, akapiga stata. Na gari ikawaka bwana! Iliwaka kama nusu dakika hivi, ikatoa moshi, watu wakashangilia, ikazima, na toka hapo ikagoma kabisa. Hiyo nusu dakika ndo iliyotugharimu pampu ya mafuta na kuziba nozeli, ila dogo simlaumu, nani asingefanya hivyo.

Nilipofika nikaizunguka kwanza. Utomvu wa mwembe boneti nzima. Kwenye ile mifereji ya chini ya wipa majani yameoza yamekuwa mbolea na kulikuwa na mche umeota, sitanii, mche wenye majani manne. Matairi yamekaa bapa, rimu imekaribia kugusa chini. Chumvi ya bahari imekula bolti za silensa mpaka huwezi kujua spana ya ngapi inaingia. Nikafungua kikasha cha eya klina nikakuta panya amejenga, pamba ya godoro na maganda ya karanga, filta imetafunwa upande mmoja. Fikiria hayo maganda yangenyonywa na injini ile nusu dakika ya dogo.

Fundi wa kwanza aliyeletwa alisikiliza dakika mbili akasema injini imekufa, tuma hela Dar pale Gerezani, 5A za mtumba zimejaa. Kwa nini imekufa? Imekaa muda mrefu. Basi, hayo ndo maelezo yote. Mimi sikukubali, maana injini iliyopaki ikiwa nzima haifi kwa kukaa, chuma kinavumilia sana. Vinavyokufa ni vile vya majimaji na vya raba: petroli, haidroliki ya breki, maji ya rejeta, oili, sili, mipaipu, belti, matairi. Nikasema tunaanzia huko, na betri inakuja mwisho kabisa, hakuna mtu kugusa funguo.

Nikatafuta fundi mwingine, kijana mtulivu wa Mabawa, tukakubaliana anapima kabla ya kubadilisha. Tukatoa plagi zote nne, tukamwaga ATF (oili ya giaboksi otomatiki) kidogo kila silinda, kama kijiko cha chakula, tukaacha ilale mpaka kesho yake. Asubuhi tukaingiza spana ya 19 kwenye bolti ya puli ya krenki tukazungusha kwa mkono pole pole. Ilizunguka nzito mara ya kwanza, ya pili nyepesi, ya tatu unasikia pumzi inatoka kwenye matundu ya plagi, pff, pff. Hapo mimi moyo ukatulia. Tukamwaga oili ya zamani, tukaweka mpya na filta, tukachomoa soketi ya distributa ili isitoe cheche, halafu ndo tukaweka betri na kupiga stata bila plagi mpaka taa ya oili ikazima. Hii hatua watu wengi wanairuka na mimi naiona ndo ya maana kuliko zote, kwa sababu miaka sita oili yote imeshashuka kwenye sampo, lile beseni la chini ya injini, ukiwasha moja kwa moja kemu na beringi za krenki zinasagana kavu.

Tukapima kompresheni, yani kila silinda inabana hewa kwa nguvu kiasi gani. 165, 160, 165, 155 psi. Kitabu cha Toyota kwa injini za familia hii mpya ni 191 na mwisho wa kuvumilia ni 142 psi. Yani injini iliyotangazwa imekufa ilikuwa na afya kuliko nyingi zinazobeba abiria kila siku. Yule fundi wa kwanza nilikutana naye baadaye, akaniambia una bahati tu.

Mafuta sasa. Kwenye handredi pampu iko ndani ya tangi, unatoa kiti cha nyuma unakuta kifuniko. Tulipofungua harufu ilikuwa si ya petroli, ilikuwa harufu ya vanishi, kama fundi seremala amemaliza kabati. Tulivuta karibu lita 18, rangi ya chai ya rangi iliyokolea, na chini kuna maji na unga wa kutu. Petroli ikikaa, vile vitu vyepesi vinavyowaka haraka vinaruka, vinavyobaki vinaganda vinakuwa kama gundi, na tangi likiwa nusu tupu hewa yetu hii ya pwani inaingiza unyevu unaoganda ukutani usiku unateremka chini, ndo kutu inaanza. Chujio la pampu lilikuwa limeshika gamu nyeusi, ukibonyeza inavutika. Pampu ikawa imejam. Unaona sasa lita tano za dogo zilifanya nini, zililainisha uchafu na pampu ikaunywa.

Tangi tukalishusha, tukaliosha na dizeli kwanza, halafu petroli kidogo na mnyororo mwembamba ndani tukalitikisa watu wawili mpaka maji ya kutu yakaacha kutoka, tukalikausha juani siku mbili midomo yote ikiwa wazi na likiwa mbali kabisa na jiko la mama mdogo. Pampu mpya, filta mpya, nozeli nne zikapelekwa kwa jamaa mwenye mashine ya kuosha akatuonyesha mbili zinatema matone badala ya kupuliza mvuke.

Taimingi belti, ile inayozungusha kemu za valvu, sitaki mjadala, imekaa miaka imejikunja sehemu moja, inatoka. Kwa bahati 5A hii belti ikikatika valvu na pistoni hazikutani, lakini itakuzimikia Segera usiku, si bora ubadilishe. Tukiwa humo humo tukaweka wota pampu na sili ya krenki na ya kemu maana zilikuwa zimekauka kama ngozi ya ngoma. Rejeta ilitoa maji ya matope mekundu. Na themostati, ile valvu inayozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate joto, hakuna! Kuna fundi zamani aliitoa, ule ugonjwa wetu wa kutoa themostati ili gari isichemshe, matokeo yake injini inaendeshwa baridi, inakula mafuta, oili inachafuka. Nikarudisha ya nyuzi 82, na kulanti badala ya maji ya bomba.

Breki ndo zilinipa mchezo. Ba'mdogo ni mtu wa utaratibu, akipaki anavuta hendibreki, alivuta 2018 na ikabaki hivyo hivyo. Brek shuu za nyuma zikashikana na dramu kwa kutu, ukipiga jeki gurudumu halizunguki hata kidogo. Msaidizi akaja na nyundo ya kilo tano nikamwambia weka chini. Dramu za Toyota usoni zina matundu mawili madogo yenye nyuzi, watu wanayaona kila siku hawajiulizi ya nini. Unaingiza bolti mbili za spana 12, unakaza huku robo, kule robo, huku robo, na dawa ya kutu kwenye kitovu, unagonga pembeni kidogo kidogo, unaendelea. Upande wa kulia ulitoka dakika kumi. Wa kushoto tulikaza, tukaenda kunywa uji, tuko barazani tukasikia TAA! imeachia yenyewe. Ndani silinda zote mbili zinavuja, raba zimekuwa kama ubani. Tukabadilisha raba na shuu, mbele tukatoa pini za kalipa zilizokuwa zimekwama tukazisafisha na kuzipaka grisi, haidroliki yote tukaitoa mpaka ikatoka nyeupe. Ya zamani ilikuwa kama kahawa, haidroliki inavuta maji kutoka hewani na hayo maji yanakula silinda kwa ndani, kwa hiyo kuongezea tu juu ni kujidanganya.

Matairi ba'mdogo aligoma. Mwanangu haya yana kashata bado, tazama. Kweli kashata zipo, tairi halijalika. Nikapiga tochi ubavuni mwa tairi kwenye zile tarakimu nne, 0912, wiki ya tisa ya mwaka 2012, nikamwambia ba'mdogo haya matairi yana miaka kumi na mbili, tazama nyufa. Akatazama na macho yake mapya akanyamaza, halafu akasema haya nunueni.

Kuwasha kwenyewe hakukuwa na sherehe. Kwenye kile kisanduku cha DIAGNOSIS kwenye boneti tuliunganisha B+ na FP kwa kipande cha waya ili pampu izunguke bila injini, tukakagua mipaipu yote, mmoja ukaonyesha jasho tukaukata. Ndo tukapiga stata. Ikashika sekunde ya tatu. Ila silensa ikawa inazungumza vibaya, inakohoa, moshi mweusi, harufu ya petroli mbichi, na taa ya chek injini inawaka. Hizi gari za zamani hazihitaji kompyuta ya kupimia, kisanduku kile kile unaunganisha TE1 na E1, unafungua swichi, unahesabu taa inavyokonyeza. Mbili, pumziko, mbili. 22, sensa ya joto la maji. Tukafuata waya wake, panya ameukata nyuma ya injini, sentimita mbili hivi zimebaki shaba tupu. Injini ilikuwa haijui joto la maji ni ngapi, inabahatisha na kumwaga mafuta mengi. Tukaunga, tukafunika, ikatulia, silensa ikawa inapumua kama mtu amelala.

Mpaka hapo ni siku tisa, tukajua tumemaliza.

Jumamosi tukachukua barabara ya Pongwe, mimi, fundi na ba'mdogo nyuma. Gari nyepesi, geji ya joto iko katikati, ba'mdogo anasifia. Hatujafika Pongwe, kama dakika 20 toka tuondoke, ikaanza kukosa nguvu, ikawa kama inavutwa nyuma, ikazima. Ukipiga stata inazunguka haishiki. Tukakaa kama robo saa chini ya mti, tukajaribu ikawaka. Tukageuza, dakika 20 tena, tayari tumeshaingia mjini, ikazima.

Hapa ndo akili ya kufukuza kifaa ilipotuingia, na mimi nilikuwa wa kwanza. Inazima ikipata moto, ikipoa inawaka, kila fundi Tanga atakwambia koili ya cheche. Nikanunua distributa ya mtumba yenye koili yake, elfu sitini. Hamna kitu, dakika 20 imezima. Basi pampu tuliyoweka ni feki. Tukaazima ya gari nyingine, tukafumua kiti tena. Dakika 20. Fundi akaanza kusema ECU, yani kompyuta ya injini, na ukiona fundi kafika kwenye ECU ujue kachoka. Siku tano tunakwenda na kurudi kwenye ile ile barabara mpaka mama mmoja anayeuza machungwa ya Muheza pale akawa anatusubiri, tukizima anatuletea ya kumenya, leo mmechelewa.

Kitu ambacho hatukukiona ni kwamba robo saa ya kusubiri haikuwa ya kupoa. Siku ya sita ilipozima nikasema labda geji ya mafuta inadanganya, tuliweka ya elfu thelathini tu, lita tisa hivi, ngoja nichungulie. Nikazungusha kifuniko cha tangi. Kikagoma, kama kimenyonywa, nikatumia nguvu kikaachia: fyuuuuu! Hewa inaingia ndani. Si kutoka, kuingia. Fundi alikuwa mbele kwenye boneti akainua kichwa. Nikamwambia piga stata. Ikashika hapo hapo, injini ikiwa ya moto vile vile, bila kusubiri hata dakika.

Tulikaa kimya wote wawili. Tangi lilikuwa halivuti pumzi. Pampu inatoa mafuta, nafasi yake lazima ijazwe na hewa, hewa isipoingia ndani kunajenga mvuto, mwisho pampu inashindwa kunyonya. Ukisubiri robo saa hewa inapenya pole pole sehemu fulani, mvuto unapungua, gari inawaka, na wewe unasema imepoa. Dakika 20 ilikuwa ni muda wa kunywa kiasi fulani cha mafuta, joto halikuhusika kabisa, ndo maana hata siku ya mvua ilizima muda ule ule na hatukuuliza kwa nini.

Sikutaka kuamini kirahisi maana nilishaamini koili na pampu. Tukalegeza kifuniko kidogo, tukaenda mpaka Muheza na kurudi, kilomita sabini na kitu, haikuzima hata mara moja. Tukafika nyumbani tukakikaza, tukazunguka mjini, dakika 20 na kitu, ikazima karibu na Chumbageni. Tukalegeza, ikawaka. Hapo sasa unaweza kusema umeona ugonjwa. (Kifuniko legevu ni cha kupimia tu jamani, msiendeshe hivyo, mafuta yanamwagika kwenye kona na mvuke wake unawaka.)

Kwenye hii gari hewa ina njia mbili. Kifuniko chenyewe kina valvu ndogo ya kuingiza hewa, na kuna mpaipu wa mvuke unaotoka tangi mpaka kwenye kile kikopo cheusi cha mkaa kwenye boneti. Valvu ya kifuniko tuliipuliza kwa mdomo haisogei, imeganda na ile vanishi. Kikopo cha mkaa tukakitoa, chini kina tundu la kuvutia hewa, fundi akapuliza mashavu yakamvimba. Akachukua waya mwembamba akachokonoa, ukaanza kutoka udongo mkavu, laini, kama wa chungu. Halafu kikadondoka kibuibui kimekauka. Kingine. Vilitoka sita au saba mkononi kwake na ganda la kahawia kama punje ya mchele mrefu. Nyigu wale wa kujenga kwa udongo, anayetafuta kitundu, anajaza buibui aliowachoma kwa ajili ya mtoto wake, anaziba mlango anaondoka zake. Amejenga kwenye pua ya tangi letu na kaziba vizuri kabisa, kazi safi kuliko ya fundi yeyote aliyegusa hii gari.

Fundi alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilikuwa nafikiria elfu sitini ya distributa.

Halafu ukirudi nyuma unaona tulikuwa na taarifa zote. Tumeosha tangi, tumekausha, tumefunga kila kitu kipya ili lisivuje, ndo tukaliziba vizuri zaidi. Kabla ya hapo hata kama kungekuwa na tatizo tusingelijua maana gari haijawahi kwenda dakika 20. Na kila kifaa tulichoshuku kilikuwa ni kile tulichokigusa sisi au kile kinachosifika kwa kuharibika, hakuna aliyewaza kuhusu kitu ambacho hakijaguswa na kimekaa kimya miaka sita. Siku hizi nikiitwa kwenye gari iliyopaki napuliza matundu yote kabla ya kufungua toolboksi: ya tangi, ya giaboksi, ya kutoa maji chini ya milango, ya kiyoyozi. Nimeshakuta mengine mawili yaliyozibwa hivyo toka wakati ule, moja kwenye mpaipu wa maji ya eya kondishini, gari ya mtu inajaza maji miguuni na wameshabadilisha mazulia.

Gharama, kwa wanaouliza: betri 160,000, matairi manne 440,000, pampu 85,000, filta ya mafuta 25,000, kuosha nozeli 60,000, belti na wota pampu na sili 180,000, breki zote 150,000, oili na kulanti na haidroliki na ATF 140,000, ufundi 300,000, na ile distributa ya ujinga 60,000 ambayo ipo kabatini kwangu anayetaka aseme. Milioni moja na laki sita. Juu ya hiyo, kifuniko cha tangi cha mtumba elfu kumi na tano. Karatasi hazikusumbua, ada ya mwaka ya gari ilishafutwa 2017 ikahamia kwenye mafuta, kwa hiyo ilikuwa ni bima na ukaguzi wa trafiki tu.

Je ilikuwa na maana kutia hela hiyo kwenye handredi? Kwa biashara labda hapana. Kwa gari ambayo injini imepimwa 165 na bodi haijatoboka chini, mimi ningefanya tena, ila kompresheni na bodi kwanza, kama bodi imekwisha iache hapo hapo chini ya mwembe.

Toka hapo imeshatembea kilomita elfu nne na ushee. Oili ya kwanza tuliimwaga mapema, kilomita 500 tu, ilitoka nyeusi tii na hiyo ilitarajiwa, ya pili ikatoka na rangi ya kueleweka. Rejeta naiangalia kila wiki, kuna sehemu kwenye mapezi inatoa ukijani mdogo sijaipenda. Kioo cha dereva bado kinashuka chenyewe ukipita kwenye matuta. Ba'mdogo wiki ya kwanza alilalamika breki zinakamata sana, hazikuwa hivi zamani, nikamwambia ba'mdogo zamani ulikuwa unasimama kwa dua. Jumapili anaenda mwenyewe kununua machungwa, na yule mama bado anamuuliza kila akisimama, imezima?